Kilekile au Sawasawa?

Darasa la Watu Wazima kwa Redio. Masomo ya Kompyuta. Somo la 9.

Natumaini kila kikundi kimekwisha kaa, daftari ziko mbele yenu, na msimamizi wa darasa amepata chaki. Mwenye kalamu na aishike mkononi, maana leo ataitumia.

Juma lililopita tulizungumza habari za vitu vilivyomo ndani ya programu. Tulisema kwamba hapo kwanza programu ilikuwa amri tu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma orodha ya kazi za kutwa. Baadaye watu walifikiri njia nyingine, yaani kuigawanya programu katika vitu, na kila kitu kiwe na habari zake na kazi zake. Njia hiyo ilianza mjini Oslo, nchini Norway, katika miaka ya 1960. Walioianzisha ni Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na lugha waliyoitunga iliitwa Simula.

Leo twaendelea kwa kuuliza swali moja. Kompyuta inajuaje kwamba vitu viwili ni sawa? Mtu atasema, hilo nalo ni swali? Hata mtoto mdogo ajua sawa na si sawa. Nami nilifikiri hivyo, mpaka siku nilipoaibika.

Nitawaambieni kosa nililolifanya mwenyewe. Niliandika programu ya kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Kazi yake ilikuwa nyepesi: karani aandika jina la mwanachama, mashine yalitafuta jina hilo katika orodha, kisha yaonyesha akiba yake. Niliijaribu, ikafanya kazi vizuri. Siku ya malipo ikafika. Wanachama wa kwanza walilipwa bila taabu. Kisha akaja mama mmoja wa makamo, ambaye hakuwahi kukosa kuweka fedha hata juma moja. Karani akaandika jina lake. Mashine ikajibu: Mwanachama hayumo. Karani akaandika tena, pole pole. Mwanachama hayumo.

Mama akauliza, "Mwanangu, jina langu mmelifuta?"

Karani akajibu, "Hatujalifuta, mama. Lakini mashine inasema halimo."

Akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hata saa nane, nilipofika mimi. Nikaichapa orodha yote ya wanachama, kutoka katika mashine ile ile. Mama akaiomba karatasi. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa kama hili lenu. Akateremsha kidole chake jina kwa jina, kisha akakisimamisha. Akasema, "Hili hapa. Herufi kwa herufi. Kama mimi nimeliona, mashine yako imeshindwaje?"

Sikuwa na jibu. Akalipwa siku ile kwa kufuata daftari la mkono. Jibu nililipata usiku, na jibu hilo ndilo somo letu la leo.

Maswali mawili

Chukueni noti mbili za shilingi elfu moja. Je, noti hizi ni sawa? Mwenye duka atasema, ndiyo, ni sawa, kwa kuwa kila moja yanunua kiasi kile kile. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba kila noti ina namba yake iliyopigwa chapa. Hizi ni noti mbili, si noti moja. Basi, noti hizi ni sawasawa, lakini moja si ile ile nyingine.

Sasa fikirini habari za pacha, Kulwa na Doto. Wamezaliwa siku moja, wamefanana sura, wamevaa sare moja ya shule. Daktari ameandika kwamba Kulwa achomwe sindano. Je, Doto aweza kuipokea sindano hiyo badala ya nduguye, kwa sababu wamefanana? Hata kidogo. Hapa hatuulizi kama wamefanana. Twauliza kama huyu ndiye yule yule.

Kwa hivi, yako maswali mawili, na lugha yetu ya Kiswahili huyatenga vizuri. La kwanza: je, ni kilekile? La pili: je, ni sawasawa? Dukani, swali la haki ni la pili. Hospitalini, swali la haki ni la kwanza. Anayeuliza la kwanza mahali pa la pili atakataa noti njema. Anayeuliza la pili mahali pa la kwanza atamchoma sindano mtoto asiyeugua. Andikeni maswali hayo mawili katika daftari zenu.

Kompyuta inavyotazama

Kumbukumbu ya kompyuta ni kama mtaa mrefu wenye nyumba nyingi, na kila nyumba ina namba yake. Kitu cha programu hukaa katika nyumba mojawapo. Programu haiibebi nyumba na kwenda nayo huku na huku. Hushika kikaratasi tu, ambacho juu yake imeandikwa anwani ya nyumba.

Ikiwa ninavyo vikaratasi viwili, na vyote vina anwani moja, basi vyaonyesha kitu kilekile. Ikiwa anwani ni mbili, basi ni vitu viwili, hata kama nyumba zimejengwa kwa ramani moja na zina meza na viti vya namna moja. Kujibu swali la kilekile ni kazi ya haraka, maana yatosha kuvilinganisha vikaratasi, wala mlango haufunguliwi. Kujibu swali la sawasawa ni kazi zaidi. Hapana budi kuingia ndani na kuangalia vilivyomo.

Wale wa Norway walilijua jambo hili tangu mwanzo. Katika Simula, kwa maandishi, waliweka alama mbili mbalimbali. Alama == iliuliza kama ni maandishi yale yale, mahali pale pale. Alama = iliuliza kama herufi zalingana.

Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitangaza lugha iitwayo Java, ambayo mpaka leo yatumika sana. Katika Java, ukiweka alama == kati ya vitu viwili, umeuliza swali la kilekile. Ukitaka kuuliza la sawasawa, huna budi kutumia amri iitwayo equals. Lakini angalieni jambo hili. Amri ya equals haijui yenyewe ni lipi lililo muhimu katika kitu chako. Lazima mwandishi wa aina ile ya kitu aifundishe. Asipoifundisha, equals hurudia swali lile la kilekile, wala haisemi kwamba haikufundishwa.

Nitawapeni mfano mmoja wa mtego. Java ina visanduku vya kutilia namba nzima, viitwavyo Integer. Ili kupunguza kazi, Java huviweka tayari visanduku vya namba kuanzia -128 hadi 127, na kila aombaye namba hizo kwa njia ya kawaida hupewa kisanduku kile kile. Basi, ukilinganisha 127 na 127 kwa alama ==, jibu ni ndiyo. Ukilinganisha 128 na 128 kwa alama ile ile, kwa kawaida jibu ni hapana. Mwandishi aliyejaribu programu yake kwa hesabu ndogo ndogo atafurahi na kwenda kulala. Kosa litamngoja mpaka wanachama wapite 127.

Kiolesura ni nini?

Sasa twafika katikati ya somo. Katika kikundi cha kuweka na kukopa yuko mweka hazina. Mweka hazina ni cheo, na cheo ni ahadi: atapokea fedha, ataziandika, atatoa stakabadhi. Ukienda kuweka fedha huulizi kama ni mrefu au mfupi, wala kama yeye ni fundi seremala au muuza samaki. Unachohitaji ni kazi aliyoiahidi.

Katika programu, ahadi ya namna hii huitwa kiolesura. Kiolesura chasema: kitu chochote chenye cheo hiki kitaweza kufanya kazi hii na hii. Hakisemi kitu hicho kimetengenezwaje ndani. Aina nyingi mbalimbali zaweza kushika cheo kimoja. Na kitu kimoja chaweza kushika vyeo viwili au vitatu, kama vile mweka hazina wetu awezavyo kuwa pia kiongozi wa kwaya.

Faida yake ni kubwa. Kesho mkimchagua mweka hazina mwingine, wanachama hawahitaji kujifunza upya namna ya kuweka fedha. Vivyo hivyo katika programu: chombo chaweza kubadilishwa, na sehemu zinazokitumia zikabaki kama zilivyo.

Lakini kila faida ina gharama yake. Ninapovishika vikaratasi viwili, kimoja kimeandikwa "mweka hazina" na kingine kimeandikwa "kiongozi wa kwaya", je, ni watu wawili au ni mtu yule yule? Vyeo havitaniambia. Na nikiwa na vikaratasi viwili vyote vimeandikwa "mweka hazina", je, nikivilinganisha, ninalinganisha watu, au kazi zao, au hesabu walizoziandika?

Mwaka 1993 Microsoft ilitoa utaratibu uitwao COM, ambao ulikutana na shida hiyo wazi wazi. Kitu kimoja cha COM chaweza kuwa na violesura vingi, na kila kiolesura ni kama mlango wake. Mtu anayeulinganisha mlango wa mbele na mlango wa uani atadhani ni nyumba mbili. Kwa hiyo utaratibu ule uliweka sheria: kila kitu lazima kiwe na mlango mmoja wa asili, uitwao IUnknown, na kila ukiuomba mlango huo kwa kitu kile kile, lazima upewe ule ule. Basi, ukitaka kujua kama milango miwili ni ya nyumba moja, usiilinganishe yenyewe. Omba mlango wa asili kwa kila mmoja, kisha ulinganishe hiyo.

Lugha tatu, majibu matatu

Sasa tuzitazame lugha tatu zinazotumika leo, tuone kila moja hufanyaje inapoambiwa kulinganisha vitu vilivyoshikwa kwa jina la kiolesura.

Ya kwanza ni C#, lugha ya Microsoft iliyotangazwa mwaka 2000. Katika C# mwandishi wa aina aweza kuifundisha alama == maana anayoitaka. Aina yao ya maandishi, iitwayo string, imefundishwa kulinganisha herufi. Basi vikaratasi viwili vikiandikwa kwamba vyaonyesha maandishi, alama == itaingia ndani na kusoma herufi. Lakini ni nani achaguaye maana ya alama hiyo? Ni mfasiri, yaani ile programu inayoyageuza maandishi yetu yawe amri za mashine. Naye huchagua mapema, kabla kazi haijaanza, kwa kutazama jina lililoandikwa juu ya kikaratasi. Vikaratasi vyote viwili vikiandikwa jina la kiolesura, kwa mfano IComparable, mfasiri haoni tena maandishi. Aona cheo tu. Basi hulinganisha anwani. Maandishi mawili yenye herufi zile zile, yakikaa katika nyumba mbili, yataambiwa si sawa. Vitu havikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jina la juu ya kikaratasi. Dawa yake ni kuiita amri ya Equals, kwa maana hiyo hujibiwa na kitu chenyewe wakati kazi inaendelea, wala haijibiwi na jina la juu.

Ya pili ni Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009. Katika Go, kiolesura ni kama bahasha. Juu ya bahasha pameandikwa aina ya kitu kilichomo, na ndani yake kimo kitu chenyewe. Alama == huuliza yote mawili: je, aina ni moja, na je, vilivyomo vinalingana? Aina zikiwa mbalimbali, jibu ni hapana, hata kama ndani yake kote mna namba 5. Na ikiwa aina ni moja, lakini ni ya vitu ambavyo Go haikubali vilinganishwe, mathalani orodha zake zinazoweza kurefuka, programu husimama pale pale kwa kelele wakati wa kazi.

Go inao mtego mwingine, na wanafunzi wengi wamenaswa humo. Bahasha isiyo na kitu ndani, lakini juu yake pameandikwa aina, si sawa na kutokuwa na bahasha. Mtu akiuliza, "Je, hakuna kitu hapa?" Go itajibu, "Hapana, kipo," kwa sababu imeiona bahasha. Kisha akiifungua hakuti chochote. Nanyi mwajua: mtu akiletewa bahasha yenye jina lake bila barua ndani, hawezi kusema hakuletewa kitu, wala hawezi kusema ameletewa habari.

Ya tatu ni Java. Katika Java kazi ya equals huachiwa vitu vyenyewe. Lakini ikiwa aina mbili mbalimbali zimeshika cheo kimoja, ni nani wa kuziamua? Hapo yategemea kiolesura chenyewe kimeahidi nini. Kiko kiolesura kiitwacho List, yaani orodha, kilichoingia Java mwaka 1998. Ahadi yake yasema wazi: orodha mbili ni sawa ikiwa zina vitu vinavyolingana, kwa utaratibu ule ule, bila kujali kila moja imetengenezwaje ndani. Basi orodha ya namna ya ArrayList na orodha ya namna ya LinkedList zaweza kuambiwa ni sawa. Mikataba ikiandikwa vizuri hivyo, hapana ugomvi.

Kiko kiolesura kingine kiitwacho CharSequence, yaani mfululizo wa herufi, kilichoingia Java mwaka 2002. Hiki hakikuahidi lolote juu ya kulingana. Aina ya String imeshika cheo hiki, na aina ya StringBuilder imekishika pia. Weka jina moja katika String, na jina lile lile katika StringBuilder, herufi kwa herufi. Uliza kwa equals kama ni sawa. Jibu ni hapana. String hukubali String mwenzake tu. Na StringBuilder hakufundishwa kulinganisha herufi kwa equals; ajua kilekile tu.

Wasikilizaji wetu, nadhani sasa mmekwisha ona ni wapi jina la yule mama lilipopotelea.

Kurudi kwa yule mama

Majina ya wanachama wa kwanza yaliandikwa na karani kwa mkono, nayo yalikaa katika mashine kama String. Majina ya wanachama kumi na wawili yaliongezwa baadaye kutoka katika faili nyingine, nayo yalikaa kama StringBuilder. Mimi nilivishika vyote kwa cheo kimoja cha CharSequence, nikajiona hodari. Nilipoijaribu programu nilitumia majina ya kundi la kwanza peke yake. Yule mama alikuwa wa kundi la pili, naye ndiye aliyetangulia kufika dirishani. Mashine haikuulizwa kama herufi za majina zalingana, ingawa mimi moyoni nilidhani ndilo nililouliza.

Nilirekebisha mambo mawili. Kwanza, kila jina linaloingia katika programu, kwa njia yoyote, hugeuzwa kuwa String kabla ya kuwekwa, ili kulinganisha kuwe kwa aina moja. Pili, majaribio hufanywa kwa majina ya kila njia, na jina lake lilikuwa la kwanza kujaribiwa.

Lakini mama yule alinifundisha jambo la tatu. Alipokuja tena aliuliza, "Na kama yuko mwenzangu mwenye jina kama langu, fedha zangu atapewa yeye?" Hapo nikakumbuka Kulwa na Doto. Herufi za majina kulingana si ushahidi kwamba mtu ni yule yule. Na kinyume chake ni kweli pia: Mwanahamisi akiandikwa Mwana Hamisi, mashine iliyo nzima kabisa itasema si sawa, na mtu ni yule yule. Tangu siku ile kila mwanachama akapewa namba yake. Jina hutumika kwa kumsalimu na kumtambua, namba hutumika kwa kufungua akiba.

Kulinganisha kwa haki

Kabla hatujamaliza, nataka mjue kwamba Java imeandika masharti ya kulinganisha kwa haki. Nayo ni masharti mema hata nje ya kompyuta.

Sharti la kwanza: kitu lazima kiwe sawa na chenyewe. La pili: ikiwa Asha ni sawa na Juma kwa umri, Juma naye lazima awe sawa na Asha. La tatu: ikiwa Asha ni sawa na Juma, na Juma ni sawa na Neema, basi Asha ni sawa na Neema. La nne: ukiuliza leo na ukiuliza kesho, na hakuna kilichobadilika, jibu liwe lile lile. La tano: kitu kilichopo kisiambiwe kuwa ni sawa na kutokuwapo kwa kitu.

Msidhani ni rahisi kuyatimiza. Java yenyewe ina aina mbili za kuandikia wakati, Date na Timestamp, na sharti la pili limevunjika kati yao. Date ikiulizwa yaweza kusema ni sawa na Timestamp, lakini Timestamp ikiulizwa husema siyo. Maelezo ya Java yenyewe yakiri jambo hilo.

Tena liko sharti moja la kuandamana nayo. Mashine aghalabu huweka vitu katika visanduku vyenye namba, kama masanduku ya posta, ili ivipate upesi. Namba ya sanduku hupigwa hesabu kutokana na kitu chenyewe. Basi vitu vilivyo sawa lazima vipate namba moja. La sivyo barua itatiwa katika sanduku la 20, na wewe utaitafuta katika sanduku la 35. Barua ipo, jina lako lipo, na bado utaambiwa huna barua.

Mwisho

Basi, ndugu zangu, shikeni hili moja katika yote tuliyoyasema leo. Mashine hujibu swali iliyoulizwa, haijibu swali lililo moyoni mwa aliyeiandika. Neno "sawa" ni fupi, lakini ndani yake mna uamuzi: tumelinganisha nini na nini, na kwa kipimo gani? Uamuzi huo ni wa watu.

Kwa hiyo, ukifika mahali ukaambiwa, "Mashine inasema jina lako halimo," usiondoke kwa aibu. Uliza kwa adabu, "Mmelinganisha nini na nini?" Omba uione orodha. Wewe wajua kusoma sasa. Teremsha kidole chako jina kwa jina, kama alivyofanya yule mama.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumza habari za kurithi katika programu, yaani jinsi aina moja inavyopata kazi zake kutoka kwa aina iliyoitangulia. Mpaka hapo, fanyeni mazoezi yaliyochapwa hapa chini. Kwaherini.

Mazoezi

1. Andika vitu viwili vya nyumbani kwako vilivyo sawasawa lakini si kilekile.
2. Taja kazi moja ambayo swali lake la haki ni "Je, ni yule yule?" na kazi moja ambayo swali lake la haki ni "Je, ni sawasawa?" Eleza kwa nini.
3. Kwa nini alama == ya Java yaweza kusema ndiyo kwa 127 na hapana kwa 128?
4. Katika C#, ni nani achaguaye maana ya alama ==, na hutazama nini?
5. Mwenzako asema, "Bahasha tupu na kutokuwa na bahasha ni jambo moja." Mjibu kwa sentensi mbili.
6. Majina ya wanachama wawili wa kikundi chenu yanalingana herufi kwa herufi. Mtafanya nini ili fedha za mmoja zisipewe mwingine?

Maneno ya kukumbuka

Anwani: namba ya mahali kitu kinapokaa katika kumbukumbu ya kompyuta.
Kiolesura: ahadi ya kazi ambayo aina mbalimbali za vitu zaweza kuitimiza.
Kilekile: kitu kimoja, si viwili.
Mfasiri: programu inayogeuza maandishi ya mwandishi yawe amri za mashine.
Sawasawa: vitu viwili vinavyolingana kwa kipimo tulichokichagua.